UZI: Takataka ya nani, gari bovu la nani? Historia fupi ya sheria za usafi, kutoka Kibera hadi Kawangware

1/
Kila msimu wa siasa Nairobi, takataka nayo hupanda jukwaani. Mmoja anasema watu wa mitaa ni wachafu. Wa pili anasema kaunti imelala. Wa tatu anaapa kwamba akiingia ofisini, ndani ya siku mia moja jiji litang'aa. Nimezisoma hizi sheria za usafi moja moja, na nikagundua mjadala wetu una shimo kubwa katikati. Sitataja mwanasiasa wala chama. Weka chai karibu, uzi ni mrefu.

2/
Swali tulishike tangu mwanzo: kitu kikitupwa, na aliyekitupa hajulikani au hapatikani, NANI ana wajibu wa kukiondoa?

Ona kwamba sijauliza nani alaumiwe. Hilo tunalijibu kila siku, kwa matusi. Sheria yenyewe inajali zaidi hili la kuondoa, na jibu limeandikwa tangu 1921. Tutafika.

3/
Tuanze na jiji. Nairobi ilizaliwa 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Haikupangwa kuwa makao ya watu wengi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika Bazaa ya Wahindi. Hatua ya serikali? Bazaa ikachomwa moto.

Kumbuka hiyo picha. Jibu la kwanza la jiji hili kwa uchafu lilikuwa kuondoa makazi ya watu. Mitaro na mabomba ya maji vilisubiri.

4/
Miaka ya 1913 na 1914 daktari mtaalamu wa usafi, Profesa W. J. Simpson, alitumwa Afrika Mashariki kukagua miji. Ripoti yake ilipendekeza miji igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Sababu iliyotolewa ni afya.

Hapo ndipo neno "usafi" lilianza kubeba kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia magonjwa, na kuamua nani akae wapi. Hadi leo, ukisikia neno hilo mtaani, watu hujiuliza kwanza kama ni lori la taka linakuja au tingatinga.

5/
Sasa 1921. Ndiyo mwaka wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Bado ipo na bado inatumika, ingawa imerekebishwa mara kadhaa. Mambo matatu ndani yake kila Mkenya anayebishana kuhusu taka anafaa kuyajua.

Kwanza: kila serikali ya mtaa ina WAJIBU wa kuchukua hatua zote halali na zinazowezekana ili eneo lake likae safi wakati wote. Wakati wote, wala haikuandikwa kwamba ni kabla ya mgeni wa kigeni kupita.

6/
Pili: sheria inataja vitu vinavyohesabiwa kuwa kero kwa afya. Rundo la taka limo. Mtaro uliooza umo. Na hapa wengi hushangaa: behewa la reli au chombo kingine cha usafiri kilicho katika hali ya kuhatarisha afya nacho kimo. Maana yake, ule mzoga wa gari uliojaa maji ya mvua na mbu, sheria iliufikiria wakati magari Nairobi yalikuwa machache mno.

7/
Tatu, na hapa ndipo penye uzito. Afisa wa afya akikuta kero, humwandikia ilani aliyeisababisha. Asipopatikana, ilani huenda kwa anayekaa mahali hapo au mwenye mahali hapo. Lakini kama aliyesababisha hapatikani, NA ni wazi kwamba kosa si la mwenye mahali wala anayekaa pale, basi afisa wa afya mwenyewe ndiye wa kuondoa, na kufanya linalohitajika ili kero isirudi.

Soma tena hiyo. Taka isiyo na mwenyewe ina mwenyewe: ni mamlaka.

8/
Sasa tulete hiyo sheria Kibera.

Askari Wanubi wa King's African Rifles walianza kukaa hapo mwaka 1904. Jina lenyewe ni la Kinubi, kibra, msitu. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, ekari 4,197. Watu walipewa mahali pa kukaa. Hawakupewa hati.

9/
Huo ukawa mtego. Tume ya Ardhi ya 1932 hadi 1934 iliwaona Wanubi kama wapangaji wa serikali tu. Na kwa sababu serikali ilitaka kuwahamisha siku moja, haikutaka kuweka huduma za kudumu. Ukichimba mtaro wa maji taka, umekubali kwamba watu wapo. Ukipeleka lori la taka kila wiki, umewatambua. Kwa hiyo pakaachwa hivyo, kisha palipojaa uchafu, uchafu ukawa hoja ya kusema watu hawa waondoke.

Huo mduara umezunguka zaidi ya miaka tisini.

10/
Baada ya uhuru watu wakamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Laini Saba, Makina, Lindi, Gatwekera, Kianda, Silanga, Mashimoni, Soweto. Landlodi wa Kibera mara nyingi anamiliki mabati, kuta za udongo na haki ya kuchukua kodi. Ardhi chini ya nyumba si yake. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipata hati ya ekari 288. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya umma.

Sasa rudi namba 7. Ilani ya kero, ikienda kwa "mwenye mahali", Kibera inaenda kwa nani? Serikali inafaa kujiandikia barua.

11/
Kawangware ni hadithi nyingine, na ndiyo maana nimeiweka kando ya Kibera. Ardhi ya Dagoretti ilikuwa hifadhi ya Wakikuyu, chini ya Kiambu. Miaka ya 1950 mashamba ya huko yaliunganishwa, yakapimwa na kupewa hati. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa, Dagoretti ikaingizwa jijini.

Familia zilizokuwa na shamba zikajikuta na ploti mjini. Wakajenga vyumba vya mabati vya kupangisha, kisha baadhi wakapandisha ghorofa.

12/
Kwa hiyo Gatina, Kabiro, na upande ule wa 46 na 56, uchafu ukiwa NDANI ya ploti, kuna mtu mwenye hati wa kuandikiwa. Lakini ukiwa nje ya lango, kwenye mtaro, kwenye kichochoro au pembeni mwa Naivasha Road, hapo ni mali ya umma. Na ndipo rundo huwa.

Si ajabu. Kila landlodi amesafisha kwake kwa kusukuma nje. Mpangaji anaambiwa "takataka usiweke hapa". Hakuna anayemwambia aiweke wapi.

13/
Mitaa miwili, sheria moja, na jibu karibu ni moja: Kibera, ardhi kubwa ni ya umma, Kawangware, mahali taka inakotua ni pa umma. Mwanasiasa akikwambia "watu wajisafishie mitaa yao", amekwepa sheria ya 1921. Kujisafishia ni jambo zuri. Ila halifuti wajibu wa aliyepewa kazi hiyo kisheria, na bajeti yake.

14/
Je, baraza la jiji liliwahi kuifanya hiyo kazi? Kwa kiasi, ndiyo. Hadi katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa ndilo mzoaji mkuu. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, kwenye machimbo ya mawe. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1983 baraza la kuchaguliwa lilivunjwa, jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Malori yakafa, mapato yakapotea, na kampuni za kibinafsi zikaingia.

15/
Kampuni ya kibinafsi hufuata pesa, na sioni kosa hapo, ni biashara. Kwa hiyo lori likaenda Kileleshwa na Lavington, likapita Kawangware bila kusimama. Ni umbali wa kutembea. Mtaa mmoja unalipa kwa mwezi na mfuko unachukuliwa mlangoni, wa pili unangoja mvua ibebe.

Tangu hapo tukaanza kuamini kwamba usafi ni tabia. Kumbe kwa kiasi kikubwa ni huduma, na huduma ilikuwa imegeuka bidhaa.

16/
Pengo likazibwa na vijana. Kibera vichochoro vingi ni vyembamba, lori haliwezi kuingia hata likitaka. Vikundi vya vijana huzunguka na magunia na mkokoteni, kila nyumba inatoa kitu kidogo kwa wiki. Ni kazi ngumu na ya heshima.

Lakini uliza: mkokoteni ukijaa, unaenda wapi? Dandora iko upande mwingine wa jiji. Kama hakuna mahali pa karibu palipotengwa, ambapo lori la kaunti litachukua, basi taka ya Kibera inaishia kando ya reli, au Mto Ngong, na mto unaipeleka Nairobi Dam. Bwawa lile lilichimbwa miaka ya 1950 kwa ajili ya maji. Watu walikuwa wakipiga makasia na kuvua samaki pale. Leo ni gugumaji na tope.

17/
Hapa niingize jambo la hesabu, manake hupotosha mjadala. Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Watu wakagombana: wengine wakasema wamefichwa, wengine wakasema mashirika yalikuwa yanakuza namba ya kuombea pesa.

Kwa takataka, tofauti hiyo ni kubwa. Mtaa wa milioni moja unaonekana kama mlima usioweza kuhamishwa. Mtaa wa watu laki mbili hivi ni tatizo la malori, vituo vya kukusanyia, na ratiba. Ni kazi ya kawaida ya jiji.

18/
Turudi kwa sheria ambayo ILIFANYA kitu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza. Faini milioni 2 hadi 4, au jela mwaka mmoja hadi minne. Kabla ya hapo juala lilikuwa kila mahali: kwenye mitaro, kwenye tumbo la ng'ombe, na Kibera, tuseme ukweli, lilitumika kama choo cha kurushwa usiku kwa sababu choo kilikuwa mbali, cha kulipia na cha hatari baada ya giza.

19/
Marufuku ile haikuwa kamilifu. Waliokamatwa mwanzo mwanzo wengi walikuwa wachuuzi wadogo. Mifuko ya kimagendo bado inapenya. Na kupiga marufuku juala hakujengi choo. Lakini mitaro ilipumua. Kwa nini? Kwa sababu ilimbana mtengenezaji na mwingizaji, pale kitu kinapozaliwa. Sheria zetu nyingi za taka humngoja mtu wa mwisho aliyeshika ganda mkononi, ndiyo zimrukie.

Weka hapo kidole. Sasa twende kwa magari.

20/
Mapema miaka ya 1990 biashara ya uagizaji ilifunguliwa, na magari ya mitumba kutoka ng'ambo yakaanza kuingia kwa wingi. Baadaye tukaweka kikomo: gari linaloingizwa lisiwe limezidi miaka 8. Tuna sheria ya gari kuingia. Tuna usajili, bima, ukaguzi. Lakini gari likifa? Hakuna njia iliyonyooka anayoijua mwananchi wa kawaida ya kulizika.

21/
Gari hufa polepole. Kwanza linaegeshwa "nitalitengeneza mwisho wa mwezi". Betri inauzwa. Magurudumu yanatoka, linawekwa juu ya mawe. Kisha vioo, kisha injini. Inabaki bodi. Bodi inakuwa stoo ya mama mboga, banda la kuku, kitanda cha chokoraa, halafu pipa la taka la mtaa mzima. Mvua ikinyesha inakuwa bwawa la mbu.

Na mtaro unapita chini yake, kwa hiyo haufagiliwi tena. Gari moja bovu linazaa rundo zima.

22/
Sheria inasema nini? Sheria ya Trafiki inakataza kuacha gari barabarani mahali linapozuia au kuhatarisha wengine, na gari likiharibika liondolewe haraka iwezekanavyo. Sheria ndogo za jiji kuhusu kero, za 2007, zinakataza kutupa taka ovyo, na pia kukarabati au kuvunjavunja gari barabarani isipokuwa ni dharura. Sheria ya Afya ya Umma tumeiona.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba "hakuna sheria". Zipo, na ni nyingi.

23/
Ila angalia kanjo anamshika nani. Fundi yupo, mikono ina grisi, anakamatika. Bodi haina miguu ya kukimbia, lakini pia haina mfuko wa kulipa faini. Mwenye gari hayupo kabisa. Kwa hiyo fundi anakamatwa, analipa, anarudi. Bodi inabaki pale pale. Sheria imefanya kazi, kitabu cha risiti kimejaa, na barabara haijabadilika hata kidogo.

24/
Kuna sheria nyingine ambayo watu wa gereji wanaijua zaidi kuliko wanasiasa: ile ya kuuza mali iliyoachwa bila kuchukuliwa, Sura ya 38. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali karibu wiki yoyote utaona ilani zake. Fulani mwenye gari namba fulani, lililo gereji fulani, aje alichukue ndani ya siku 30 na alipe gharama za kuhifadhi. Asipotokea, linauzwa kwa mnada au kwa makubaliano.

25/
Njia hiyo ni nzuri. Ina haki kwa pande zote: mwenye gari anapewa muda, fundi anapata haki yake, gari linaondoka. Lakini inamfaa mwenye gereji aliye na uzio, risiti, wakili na pesa za tangazo. Fundi wa jua kali Kawangware alipokea gari kwa neno la mdomo. "Nitakutumia pesa ya spea Ijumaa." Ijumaa ikapita, simu ikazimwa. Hana karatasi inayoonyesha gari lilifikaje kwake. Akiliuza ni mwizi. Akiliacha, ni mchafuzi.

26/
Halafu logbuku. Magari mengi hubadilisha mikono mara kadhaa bila uhamisho kusajiliwa. Jina kwenye rekodi ni la mtu aliyeuza zamani, au aliyefariki na familia bado iko kortini juu ya urithi, au mkopo bado unadaiwa. Serikali ikitafuta mwenye gari inampata mtu anayesema, kwa haki kabisa, "mimi niliuza hiyo kitambo."

27/
Mnaniuliza: si watu wa skrepa walibebe tu? Wangefanya hivyo kesho asubuhi. Chuma kina bei. Lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni na aweke rekodi ya alichonunua na alikokipata. Ni sahihi, kwa sababu mifuniko ya mitaro, reli na nguzo za umeme zilikuwa zinaibwa. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi, nchi ikaingia gizani, na serikali ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu hadi Mei.

Kwa hiyo mwenye leseni na akili hagusi bodi isiyo na karatasi. Asiye na leseni anaikata usiku, kipande kwa kipande, na anaacha ile sehemu isiyouzika: viti, plastiki, mafuta machafu yaliyomwagika.

28/
Na serikali yenyewe? Tazama ua wa kituo chochote kikubwa cha polisi. Magari ya ajali, vielelezo vya kesi, magari yaliyonaswa na hayakudaiwa, yameota nyasi hadi madirishani. Kuyauza kunataka ilani na idhini ya mahakama, na mafaili yanachukua muda. Kama serikali yenye mawakili inashindwa kuzika mizoga iliyo ndani ya ua wake, fundi wa Gatina atazika kwa muujiza gani?

29/
Wenzetu walifanyaje? Marekani, 1965, sheria ya kupendezesha barabara kuu ilizibana majimbo yadhibiti mayadi ya magari chakavu kando ya barabara hizo, na kwa miaka majimbo mengi yakatunga taratibu za gari lililoachwa: ilani, siku kadhaa, kuvutwa, mnada. Uingereza, 1967, mabaraza yalipewa mambo mawili pamoja: wajibu wa kuondoa magari yaliyotelekezwa, NA wajibu wa kutenga mahali ambapo mkazi anaweza kuleta taka kubwa bila kulipa.

Ona mwaka. 1967. Sisi tulikuwa tumeshapata uhuru 1963. Tulirithi ile ya 1921 yenye wajibu wa jumla. Haya ya mahali pa kupeleka mzigo mkubwa yalikuja baada ya sisi kufunga mlango.

30/
Tumefanya nini tangu hapo? Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linaiweka kazi ya kuzoa na kutupa taka kwa kaunti. Kaunti zikaanza 2013. Nairobi ikapata sheria yake ya taka ngumu 2015. Kisha 2020 baadhi ya kazi za kaunti zikapelekwa serikali kuu, zikarudi 2022. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotaka taka itenganishwe na watengenezaji wabebe sehemu ya mzigo.

Kwa miaka hiyo, ukimuuliza ofisa wa huku anakuelekeza kule. Taka ilikuwa inangoja mkutano uishe.

31/
Dandora, wakati huo huo, ilitangazwa kujaa 2001. Utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, 2007, ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu nalo. Nusu walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lifungwe ndani ya miezi sita.

Nalitaja kwa sababu mzoga wa Kawangware na gunia la Kibera, vikizolewa vizuri kabisa, huko ndiko vinaelekea. Kuondoa si kumaliza. Mtoto wa mtu mwingine anapumua.

32/
Sasa linganisha kasi. Tarehe 23 Julai 2018, Kibera, tingatinga zilibomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wanaokadiriwa kufika 30,000 waliachwa bila makao. Ilianza alfajiri.

Sibishani hapa kama barabara ilihitajika. Ninachosema ni kwamba jiji hili, likitaka kuondoa kitu, linajua kuamka mapema, linapata mafuta, linapata mashine na polisi. Kwa hiyo uwezo upo. Ukisikia "hatuna uwezo" kuhusu bodi ya gari iliyokaa miaka kwenye mtaro, kumbuka alfajiri hiyo.

33/
Najua jibu litakuja: "Lakini watu WANATUPA ovyo." Ndiyo, wanatupa. Nimeona mtu mzima, amevaa vizuri, akirusha chupa nje ya dirisha la matatu bila kuangalia. Kuna wanaomwaga taka usiku kwa mlango wa jirani. Hao faini iwapate, sina huruma nao. Mbuzi wa mtu akila shamba la mwenzake, mwenye mbuzi hulipa.

Lakini faini ni ya mtu aliyekuwa na mahali pa kutupa akakataa. Kumtoza aliyenyimwa mahali ni kodi ya umaskini, na kanjo ndiye mkusanyaji.

34/
Kwa hiyo wagombea wakija mtaani kwenu na ufagio mpya na kamera, wasikilizeni kwa heshima, kisha waulizeni haya:

a) Kituo cha kukusanyia taka cha wadi hii kitakuwa ploti gani? Taja mahali.
b) Lori litakuja siku gani, na likikosa tunampigia nani?
c) Vikundi vya vijana vinavyozoa sasa vitapewa mkataba, au mtawaondoa mlete kampuni ya rafiki?
d) Gari lililoachwa: nani ataweka ilani, siku ngapi, litavutwa kwenda yadi gani, na pesa za mnada zitaenda wapi?
e) Fundi asiye na karatasi atasajili vipi gari alilotelekezewa, bila kuitwa mwizi?

35/
Ukiona anajibu (a) kwa hadithi ya usafi wa Kigali, mrudishe taratibu: "Mheshimiwa, ploti gani?" Wadi ni ndogo, mahali pa wazi panajulikana, na kila mmoja wetu anajua nani amepazungushia mabati.

36/
Na wewe unayesoma, una kitu unaweza kufanya bila kungoja kura. Ile ilani ya kero si ya maofisa pekee kuianzisha. Piga picha ya rundo au ya mzoga, andika mahali na tarehe, peleka malalamiko kwa maandishi kwa afisa wa afya wa umma wa eneo lako, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kama aliyesababisha hajulikani, andika hivyo waziwazi, kwa sababu hapo ndipo wajibu unahamia kwao. Mkiwa wapangaji ishirini na sahihi ishirini, ni vigumu zaidi faili kupotea.

Mwenye amewahi kujaribu hii Kibera, Kawangware au kwingine, tuambie hapa chini ilichukua muda gani na walijibu nini.